Kijana Hadaiwi Kiwanja

Kijana akipata ajira ya kwanza Dar es Salaam, hata hajazoea njia ya kwenda kazini, ameshaulizwa na mjomba wake, na mzee wa kanisa, na wenzake wa kikoba: umeshanunua kiwanja? Akisema bado, anahubiriwa. Ardhi haiozi. Ardhi haiongezeki, watu ndio wanaongezeka. Nunua hata porini, mji utakufuata. Miaka 35 baadaye, siku mafao yake yanapoingia benki, watu wa aina ileile wanamrudia na shauri la pili: usizile hela, jenga nyumba ya kupangisha ikulee uzeeni.

Mashauri haya mawili ni imani moja. Inasema ardhi na nyumba zinamfaa mtu wa kila umri, na kwamba anayeanza mapema hawezi kukosea. Imekaa vichwani mwetu kiasi kwamba mwenye kuihoji anaonekana mlevi au mvivu. Mimi naihoji, na naihoji kwa sababu naona inavyowaumiza watu wawili ambao hawana nafasi ya kukosea: kijana ambaye mtaji wake ni mdogo, na mstaafu ambaye hatapata mkupuo mwingine. Umri una uzito mkubwa katika uamuzi wa kununua ardhi au kujenga. Ila uzito wake umelala upande tofauti na ule tunaohubiriwa.

Tuanze na wazee, maana wao ndio ushahidi unaoletwa mezani kila mara. Mzee fulani alipata kiwanja Sinza akiwa na miaka 28, leo ana nyumba, ana fremu 6 barabarani, anaishi kwa kodi. Hiyo ni kweli, na heshima yake tumpe. Lakini tukumbuke kiwanja kile kilitoka wapi. Kuanzia 1974 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliendesha mradi wa viwanja na huduma ulioifungua Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Viwanja vilipimwa, barabara zikachongwa, maji yakavutwa, kisha mtu akagawiwa na serikali kwa gharama ambayo mtumishi wa kawaida aliimudu. Ilikuwapo pia Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa kazi hiyohiyo ya kukopesha wajenzi, hadi ilipofungwa mwaka 1995. Mzee wetu alikuwa kijana, ndiyo, lakini ujana wake haukumjengea nyumba. Kilichomjengea ni kiwanja kilichopimwa, jirani na mji, na mkopo aliouweza. Mchukue kijana mwenye miaka 28 ileile, umwondolee vitu hivyo viwili, kisha umwambie afanye kama babu yake: unamwambia apande ngazi isiyo na vidato.

Na tukiamua kuusikiliza ushahidi wa wazee, tuusikilize wote. Mwaka 1971 sheria ya kutaifisha majengo ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na jengo lililozidi umri wa miaka 10 halikulipwa hata fidia. Miongoni mwa waliopoteza walikuwamo watu waliojibana ujana wao wote wakipandisha ghorofa moja Upanga au Kariakoo ili wazeeke kwa amani. Hao hatuwasikii kwenye semina za uwekezaji.

Sasa tukitazame kiwanja anachouziwa kijana wa leo. Kiko Chanika ndani kabisa, au Kisarawe, Mkuranga, Vikindu, Bagamoyo. Ni 20 kwa 20, bei milioni 5 au 6, malipo ya awali kidogo, yanayobaki yanalipwa kwa miezi 12 au 24. Siku ya kwenda kuona mnapanda gari moja na dalali na wanunuzi wengine. Mnashuka kwenye mikorosho, mnaonyeshwa vigingi vya mbao vilivyopigwa rangi nyekundu, mnaambiwa umeme uko njiani na barabara ya lami "itapita hapa". Karatasi ni ya mauziano, ina muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji na sahihi za mashahidi. Hati hakuna. Ramani ya mipango miji, ukiuliza, "ipo halmashauri inashughulikiwa". Kijana analipa, anapiga picha, anaweka kwenye simu yake, anapongezwa.

Tangu siku hiyo kiwanja kinaanza kumla. Kisipofyekwa kinaota msitu, na mwenzie akiona msitu anaona hakina mwenyewe. Akimweka mlinzi, analipa. Akikaa mwaka bila kwenda, anakuta msingi wa mtu mwingine, naye mwenye msingi ana karatasi ya mauziano yenye muhuri uleule. Wanaanza safari ya baraza la kata, kisha baraza la ardhi na nyumba la wilaya, miaka inakwenda. Akifanikiwa kupimiwa na kupata hati, anakuwa mdaiwa wa kodi ya pango la ardhi kila mwaka, na hati yenyewe huja na masharti ya kuendeleza ndani ya muda uliowekwa, kwa kawaida miaka 3. Ardhi yote Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais; ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi ya 1999. Tunachokiita kumiliki ni haki ya kutumia kwa miaka 33, 66 au 99, yenye masharti, na masharti yakivunjwa miliki inaweza kufutwa. Kwa hiyo shauri la "nunua uache, muda utakufanyia kazi" halijui hata sheria ya nchi linakotolewa. Muda unamfanyia kazi mwenye uwezo wa kukilinda kiwanja, kukipima, kukilipia na kukijenga. Asiye na uwezo huo, muda unamla.

Kauli ya "mji utakufuata" nayo tuichunguze, maana mji ukikufuata si lazima uje na neema. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa mji mpya wa Kigamboni. Wenye viwanja ndani ya eneo la mpango walikaa miaka wakizuiwa kujenga na kuuza kwa uhuru, wakisubiri mji ambao mwishowe haukujengwa kama ulivyochorwa. Mwaka 2017, kutoka Kimara kwenda Kiluvya, nyumba zilizokuwa ndani ya mita 121.5 za hifadhi ya Barabara ya Morogoro zilibomolewa bila fidia ili barabara ipanuliwe. Nyingine zilikuwa na umeme na maji, na wenyewe walikuwa wamezijenga miaka mingi kwa jasho. Mji uliwafuata kweli, ukaja na tingatinga. Mtu mwenye miaka 27 akipoteza hivyo ataanza upya, watasema. Sawa. Lakini alichopoteza ni miaka 5 ya akiba, katika umri ambao miaka hiyo ndiyo ingemwamulia atakuwa fundi wa kiwango gani au mfanyabiashara wa kiwango gani.

Hapo ndipo kiini cha hoja yangu kilipo. Mali kubwa ya kijana ni kichwa chake, mikono yake, na uwezo wake wa kuhama. Milioni 6 zinazolala Mkuranga zingeweza kuwa ada ya stashahada, au leseni ya udereva wa magari makubwa pamoja na mafunzo yake, au cherehani 2 za kiwandani na kitambaa cha kuanzia, au mtaji wa duka la vipuri. Kipato kilichopanda kutoka shilingi 600,000 kwa mwezi hadi milioni 1.2 akiwa na miaka 30 kitanunua viwanja vingapi kufikia miaka 45? Na ajira za siku hizi zinahama. Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, maelfu walihama nayo, na wapangishaji wa Dar es Salaam waliokuwa wakitegemea maofisa na makampuni walishusha kodi. Aliyekuwa mwepesi aliondoka na begi. Aliyekuwa na pagale Goba lililo kwenye lenta alibaki na akili mbili, nusu kwenye kazi mpya, nusu kwa fundi ambaye hapokei simu.

Watetezi wa kiwanja watasema: lakini bei inapanda. Tuhesabu. Mtu anajisifu kwamba alinunua kwa milioni 2, na miaka 12 baadaye ameuza kwa milioni 8. Imeongezeka mara 4, na mezani pa harusi hiyo ni hadithi ya kuvutia. Kwa hesabu ya riba mchanganyiko huo ni ukuaji wa asilimia 12 hivi kwa mwaka, kabla hujatoa dalali, kufyeka, mlinzi, upimaji na kodi ya faida ya mauzo. Kati ya 2021 na 2024 kuponi za hatifungani za serikali za miaka 20 na 25 zilikuwa zikizunguka kati ya asilimia 12 na karibu 16. Zinalipa kila baada ya miezi 6, riba yake haikatwi kodi, na kuanzia ni shilingi milioni 1. Hakuna jirani anayesogeza bikoni ya hatifungani usiku. Na huyo wa mara 4 ndiye aliyefanikiwa. Waliouziwa kiwanja chenye kesi hawasimulii harusini.

Wengine watachukua hoja yao kwenye vitabu vya nje. Kitabu cha Robert Kiyosaki, Rich Dad Poor Dad, kilichotoka 1997, kimesomwa sana na vijana wetu, na wengi wametoka nacho na somo moja: kopa ukiwa kijana, nunua nyumba, mpangaji akulipie deni. Mimi sigombani na mwandishi kuhusu Marekani. Nagombana na wanaolihamishia somo hilo Ubungo bila kuhamisha riba. Mikopo ya nyumba hapa kwetu imekuwa na riba ya kati ya asilimia 15 na 19, na ndiyo maana jumla yake haifiki hata asilimia 1 ya pato la taifa. Tufanye umekopa milioni 60 kwa riba ya asilimia 16. Ukilipa kwa miaka 15, rejesho ni kama shilingi 881,000 kwa mwezi. Kijana anaambiwa ana bahati, anaweza kulipa kwa miaka 25. Rejesho linashuka hadi 815,000 hivi. Yaani ujana wake umempunguzia shilingi 66,000 kwa mwezi, na kwa unafuu huo atalipa jumla ya karibu milioni 245 badala ya milioni 159. Kwa riba ya asilimia 4 miaka hiyo 10 ya ziada ingelishusha rejesho kwa zaidi ya robo. Kwa riba yetu, faida ya kuanza mapema imeliwa yote na benki. Mwenye miaka 45, akiwa na miaka 15 kabla ya kustaafu kwa lazima akifika 60, analipa karibu sawa na kijana kila mwezi na anamaliza mapema.

Kwa hiyo ukiniuliza umri wa kununua na kujenga kwa mtu wa mshahara au biashara ya kawaida, nitakuambia ni ile miaka ya kati, 35 hadi 50. Kazi imeshajulikana, mji wa kuishi umeshajulikana, watoto wameanza shule, kipato kinatosha kununua kiwanja chenye hati na kujenga mfululizo badala ya kununua tofali 200 kila Desemba. Ukipita Madale au Kivule utayaona mapagale: nondo zimetoka juu ya nguzo zikiwa nyekundu kwa kutu, mpapai umeota sebuleni, tofali za juu zimeanza kuliwa na mvua. Mengi yalianzwa na mtu mwenye haraka ya umri. Angesubiri miaka 6 akiwa na fedha iliyokusanywa mahali panapozaa, angeanza na kupaua ndani ya mwaka mmoja, na wala nondo isingeshika kutu.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu. Wanasema kijana hana nidhamu, fedha ikiwa mkononi ataila, afadhali afungwe na marejesho ya kiwanja. Ni kweli wengi wetu hatuna nidhamu hiyo. Lakini dawa yake ipo na haidai hekari: makato ya moja kwa moja kutoka mshahara kwenda mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kama ule unaosimamiwa na UTT AMIS, ambao unauanza kwa fedha ya nauli na unatoa fedha yako ndani ya siku chache ukipatwa na msiba au ukipata nafasi ya kusoma. Kiwanja hakikatiki kipande ukauza choo ubaki na chumba. Anayeuguliwa na mama akauza kiwanja kwa wiki moja anauza kwa bei ya dalali.

Na nakubali kundi moja ambalo kwalo ushauri wangu unabadilika. Msichana anayejua kwamba kwao ardhi itaenda kwa kaka zake, na kwamba akiolewa nyumba itaandikwa jina la mume, ana sababu ya kutaka kipande chenye jina lake mapema kuliko kaka yake. Sheria ya Ardhi ya 1999 inampa haki sawa ya kupata, kumiliki na kuuza ardhi, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda katika nyumba ya ndoa, lakini anayejua mahakama zetu anajua umbali uliopo kati ya kifungu na funguo. Kwake kiwanja ni kinga kabla ya kuwa uwekezaji, na kinga hununuliwa mapema. Hata hivyo naye anunue chenye hati. Karatasi ya mauziano isiyo na hati haimkingi na shemeji.

Nirudi kwa mstaafu, ambaye naumia kwa ajili yake zaidi. Mkupuo wenyewe umekuwa vita. Kikokotoo cha 2018, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kilileta mkupuo wa asilimia 25, kikasitishwa mwishoni mwa mwaka uleule, kikaja cha asilimia 33 mwaka 2022, na mwaka 2024 serikali ikakipandisha hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani. Walimu na wauguzi wamepigania kila asilimia. Halafu fedha hiyo iliyopiganiwa hivyo inaingia kwenye saruji ndani ya miezi 3. Mtu mwenye miaka 60 anasimamia mafundi juani, ananunua mabati, anagombana na wabeba mchanga, na mara nyingi fedha inaisha nyumba iko kwenye lipu. Hana mshahara wa mwezi ujao wa kumalizia. Pensheni ya kila mwezi ndiyo inaanza kununua madirisha.

Tuseme amebahatika, milioni 50 zimetosha na nyumba imekamilika Chamazi, anaipangisha kwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 2.4, chini ya asilimia 5, na hapo sijatoa kodi ya zuio ya asilimia 10, rangi, bomba lililopasuka, miezi ambayo chumba kiko wazi, na mpangaji aliyekimbia na deni la umeme. Milioni 50 hizohizo kwenye hatifungani ya miaka 25 yenye kuponi ya asilimia 12.56, ile iliyotolewa 2022, zinaleta milioni 6.28 kwa mwaka, zaidi ya 520,000 kwa mwezi. Tena akiugua figo au akihitaji fedha nyingi kwa haraka, anaweza kuiuza kupitia soko la hisa bila kumwamsha dalali wa nyumba, na anaweza kuuza sehemu tu.

Najua jibu: thamani ya shilingi inashuka, nyumba inabaki. Mfumuko wa bei nchini umekuwa chini ya asilimia 5 kwa miaka kadhaa sasa. Mstaafu akila nusu ya kuponi yake na kurudisha nusu, mtaji wake unakua kuliko mfumuko, na nusu anayokula bado inazidi kodi ya ile nyumba ya Chamazi. Na nyumba inabaki kwa nani? Tuseme wazi jambo tunalolinong'ona misibani: nyumba ya kupangisha aliyoacha mzee kwa watoto 7 wa mama 2 mara nyingi inaishia kwenye kesi ya mirathi, huku fremu zinafungwa kwa makufuli ya pande mbili. Fedha inagawanyika kwa 7. Ukuta haugawanyiki.

Sizungumzii hapa nyumba ya kuishi. Mtu anayestaafu bila pa kulala ajenge, tena ajenge ndogo, mahali penye zahanati na barabara, amalize na kuhamia. Hayo ni makazi, na heshima ya mtu iko hapo. Ninachokikataa ni kumfanya mtu wa miaka 60 kuwa mkandarasi na mwenye nyumba wa watu asiowajua, kwa fedha ambayo ndiyo dawa yake ya presha.

Kuna kundi linalonufaika na kelele hizi za "nunua mapema". Ni wauzaji wa viwanja, madalali, na halmashauri zinazotaka tozo bila kuchonga barabara. Dar es Salaam ilihesabiwa watu milioni 5.4 katika sensa ya 2022. Mji wa ukubwa huo haupangwi kwa kumwachia kila kijana ajitafutie porini kwa mtindo wa kuwahi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwapo Mradi wa Viwanja 20,000, uliopima Bunju, Kibada, Buyuni, Tuangoma na kwingineko. Pamoja na kasoro zake ulionyesha kwamba serikali ikitaka inaweza kupima kabla watu hawajajenga. Vijana wanapaswa kudai hilo, na kudai riba ya mkopo wa nyumba inayolipika, kabla ya kukubali kuaibishwa kwa kutokuwa na kiwanja.

Wazazi na walezi, mtoto akija na mshahara wake wa kwanza mwacheni apange chumba karibu na kazi, asome, ajaribu biashara, ahame mji ikibidi. Kiwanja atanunua akiwa na uwezo wa kwenda ofisi ya msajili wa hati na kupekua jina la muuzaji kabla hajatoa senti. Na wewe mstaafu ambaye mafao yako bado yapo benki, usimlipe fundi wiki hii. Nenda kwenye benki yako, uliza mnada ujao wa hatifungani za serikali ni lini, ukae na mwenzi wako mpige hesabu hizi kwa kalamu yenu wenyewe.